Bima ya Miezi Mitatu

Wakala wa bima hakuwa na desturi ya kutaja bei kwa mdomo. Alibonyezabonyeza kikokotoo chake, akakitazama kwa huruma, kisha akakigeuza juu ya meza ili mteja ajisomee mwenyewe. Fundi Baridi alijisomea. Akavua kofia, akainama, akasoma tena.

"Hii ni ya gari langu?"

"Ya gari lako, fundi. Ya Nesi mwenyewe."

Wakala alilijua jina la gari kwa kuwa mtaa mzima ulilijua. Ndugu watatu walichanga wakalinunua, kuukuu lakini zima, kwa kazi moja tu: kumpeleka mama yao hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwenye mashine, maana figo zake ziligoma. Zamani walikuwa wakikodi teksi, hadi siku dereva mmoja alipotandika nailoni kwenye kiti kabla mama hajakaa, kwa kuogopa atatapika. Mama alikaa juu ya nailoni bila neno. Watoto wake waliposimuliwa wakaona haya, wakatoa pesa. Gari likakaa kwa Fundi Baridi kwa sababu mama alikaa kwa Fundi Baridi. Siku nyingine lilibeba mitungi ya gesi na friji za wateja, jambo ambalo ndugu zake walilikumbuka kila mchango ulipotajwa.

"Mwaka jana ilikuwa kama nusu ya hii," alisema.

"Mwaka jana hukuwa umegonga nguzo ya geti la hospitali. Kampuni ilikulipia taa na boneti, si ndiyo? Basi lile punguzo la mtu asiyedai limekwenda na maji. Halafu gari limezeeka, vipuri vimepanda, ajali kila siku. Usinikasirikie mimi, fundi. Mimi ni mdomo tu."

Mdomo wenyewe ulikuwa umemwachia kikokotoo kazi yote. Nyuma ya Fundi Baridi kulikuwa na benchi la wateja, na watu wa benchi wana masikio. Mwanamke mwenye lori la mchanga aliacha kabisa kuchezea simu yake. Fundi akasogeza kiti mbele, akashusha sauti.

"Hakuna namna ya kunipunguzia kidogo?"

"Kupunguza?" Wakala hakushusha yake. "Ukiacha bima kubwa ukachukua ile ndogo, ya kumlipa uliyemgonga tu, inashuka. Lakini nayo imepanda. Au uchukue miezi mitatu mitatu. Sitakuficha, ukizijumlisha zote nne inakuwa ghali kuliko ya mwaka. Ila mkononi inatoka kidogo."

"Nitarudi," alisema Fundi Baridi.

Neno hilo wakala alikuwa amelisikia tangu asubuhi, hata hakuinua kichwa. Fundi alipita mbele ya benchi huku akivaa kofia yake vibaya, na mwanamke wa lori akampa pole. Pole ile ilimuuma kuliko bei.

* * *

Jumapili ndugu wakakutana sebuleni kwa Fundi Baridi. Dada yao mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliketi wima na mkoba mapajani, tayari kuondoka. Kitinda, mdogo wao mwenye duka la simu, alikuja na simu mbili, zote zikiita. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miwani puani, akipinda sare za wajukuu zake mapacha ambao wangeanza shule mwaka unaofuata. Cherehani alikuwa ameiacha, miguu haikuwa na nguvu ya kuikanyaga tena, lakini sindano bado ilimtii. Hakuna aliyethubutu kumwambia aende chumbani, na yeye hakujitolea.

Fundi Baridi akataja bei. Kitinda akapiga mluzi.

"Kaka, tusifichane. Hili gari linafanya kazi gani zaidi, kumbeba Mama au kubeba friji?"

"Shemeji," alisema mke wa fundi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, "lini umekuja kumbeba wewe ukaona gari limejaa friji?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Umesema hivyo hivyo."

Dada akagonga meza kwa kidole, kama alivyozoea kunyamazisha darasa. "Hatukuja kugombana. Mimi kwa upande wangu mwezi huu nina ada za watoto wawili. Naweza kutoa kile nilichotoa mwaka jana. Zaidi ya hapo mtanifukuzisha nyumbani kwangu." Kisha, kwa upole zaidi: "Na ile nguzo, mdogo wangu. Ile nguzo imetuponza."

"Ile nguzo niliigonga kwa sababu Mama alikuwa anatapika. Niligeuka kumshika kichwa."

Wote wakamtazama mama. Alikata uzi kwa meno, akatunga mwingine. Alikuwa ameitwa kwenye kesi bila kuulizwa, na hakuwa na la kujitetea, kwa kuwa kweli siku ile alitapika.

Wakaendelea. Walihesabu, wakagawa kwa tatu, wakahesabu upya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila mmoja aliona usufi kwa mwenzake na mawe kwake mwenyewe. Kitinda alisema biashara imelala. Dada alisema watu wanadhani mwalimu mkuu analipwa kwa ukuu. Mke wa fundi akamimina chai ambayo hakuna aliyeinywa. Fundi Baridi aliona mazungumzo yanamponyoka, na aliona stika ya bima ya gari lake ikiisha wiki ile, na mama yake akirudishwa kwenye nailoni. Akaropoka ili wamalize.

"Basi tuchukue ya miezi mitatu kwanza. Halafu tuone."

Simu ya Kitinda iliita, akaizima.

"Tuone nini?" aliuliza mama.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka kujua kama mvua itanyesha. Ukweli ni kwamba wote watatu walikwisha kulifikiria jambo lile, kila mmoja peke yake na kwa wakati wake, na kila mmoja aliona haya akalifukuza. Daktari hakuwa ameficha hali ilivyo. Lakini kulifikiria ni kimoja na kulitoa mdomoni ni kingine, na aliyelitoa ni yule yule anayemwosha mama miguu na kumshika kichwa anapotapika. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Tuone bei, Mama," alisema Kitinda haraka. "Bei hizi zinapanda na kushuka. Huenda zikashuka."

"Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani sijaona bei ya uzi ikishuka," alisema mama. "Lakini huenda."

Akarudi kwenye pindo lake. Na hapa ndipo penye aibu kubwa zaidi: baada ya maneno yale mchango ulipatikana papo hapo. Dada alifungua mkoba bila kuombwa. Kitinda alituma yake kwa simu, akaongeza na kidogo cha juu, kisha wote wawili wakakumbuka kwamba wana safari. Wakamuaga mama kwa kumbusu shavu, wakamwambia anapendeza.

* * *

Jikoni mke wa fundi alimwaga chai iliyopoa kwenye sinki, kikombe kimoja kimoja.

"Wakala alikwambia kwamba ukijumlisha hiyo ya miezi mitatu inakuwa ghali?"

"Aliniambia."

"Na ukaitaja wewe mwenyewe. Mbele ya Mama."

"Mama Mapacha, ndiyo niliyoiweza. Kwani hukuona wenzangu walivyokuwa wanaruka huku na huku?"

"Anayenunua sukari kwa kijiko ni maskini, haina aibu hiyo. Mimi mwenyewe nanunua kwa kijiko. Lakini wewe pale hukusema kama mtu asiye na hela." Alifungua bomba, maji yakapiga masufuria. "Ulisema kama mtu asiyetaka kupata hasara."

Fundi Baridi alitaka kukana. Alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, akaupekua moyo wake kama anavyopekua friji inayovuja, akitafuta mahali ambapo ungemwambia kwamba alimaanisha hela na hela tu. Hakupapata. Akaanza kufuta vikombe.

* * *

Wakala akabandika stika mpya kwenye kioo cha mbele, tarehe kubwa nyeusi ikitazama nje: mwisho wa mwezi wa nane. Siku ya hospitali mama alitoka akiwa ameshikwa mkono na mkamwana wake. Alipozunguka pua ya gari akasimama, akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma. Alisoma kwa utaratibu. Kisha akapita mlango wa mbele, ambako ndiko alikokaa siku zote, akafungua wa nyuma mwenyewe.

"Mama, kaa mbele basi. Nyuma kunarusha."

"Nyuma panatosha," alisema mama. "Sina safari ndefu."

Tangu siku hiyo akawa na mzaha mmoja, na mzaha ule ukamtafuna Fundi Baridi hadi mifupani. Jirani mmoja alikuja na kitambaa kizuri cha samawati, binti yake angeolewa mwezi wa kumi na mbili, akaomba mama angalau amsaidie kukata, hata kama kushona atashona mwingine.

"Mwezi wa kumi na mbili?" mama alisema. "Mimi nimelipiwa hadi wa nane, mwanangu. Lete nguo ya mwezi wa nane."

Jirani alicheka kwanza. Kisha akamwona Fundi Baridi, ambaye alikuwa amelala uani chini ya friji ya mteja, akiwa ameacha kufungua skrubu, na kicheko kikamkauka. Alikunja kitambaa chake, akasema atarudi siku nyingine. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kwa Fundi Baridi wamemkatia mama yao tarehe.

Hospitalini ilikuwa vilevile. Muuguzi aliyepanga zamu za mashine aliuliza kama siku zile zile zitafaa hadi mwisho wa mwaka.

"Niandike hadi mwezi wa nane," alisema mama. "Mwanangu ndiye mwenye ratiba."

Muuguzi alimtazama mwana. Mwana alitazama ukuta, ambapo paliandikwa kwamba ni marufuku kutema mate.

Siku moja, wakirudi, alijikaza. Mama alikuwa nyuma, macho yamefumba, beseni na taulo pembeni yake, uchovu wa mashine umemlegeza. Fundi Baridi aliongea akitazama kioo cha kuangalia nyuma.

"Mama, ile Jumapili mimi nilimaanisha hela."

"Najua, baba," alisema mama bila kufumbua macho. "Na mimi nazungumzia hela."

Alimwita baba, kama alivyomwita tangu utotoni. Angemtukana ingekuwa nafuu.

* * *

Mwezi wa nane ulipokaribia kwisha mama akapandwa na homa. Mrija wa mashine ulikuwa umeingiza uchafu kwenye damu, madaktari wakasema, na wakamlaza. Siku ya tatu alianza kuweweseka. Aliita watu waliokufa, akawapima viuno, akawauliza wanataka mikono mirefu au mifupi.

Fundi Baridi alikuwa kwenye veranda ya wodi, kati ya ndugu wa wagonjwa wengine waliokaa juu ya ndoo na vikapu vyao, dada yake alipopiga simu.

"Anaendeleaje?"

"Hajanitambua leo."

"Mungu wangu." Sauti za watoto wa shule zilisikika nyuma yake. "Na ile bima? Si inaisha Jumanne?"

"Jumanne."

"Ah. Basi tusubiri kwanza."

"Tusubiri," alisema Fundi Baridi.

Hakuna aliyeuliza kusubiri nini. Mtu ambaye angeuliza alikuwa kitandani akiwapima wafu viuno.

Kitinda naye alikuwa amefikiri kwa upande wake, tena kwa haraka zaidi, maana biashara ilimfundisha kutochelewa. Siku mbili baadaye alifika nyumbani kwa kaka yake akiongozana na mwanaume mwenye viatu vya ngozi. Anaulizia gari, alieleza. Aangalie tu, kuangalia si kununua. Mwanaume aligonga boneti, akachuchumaa kutazama matairi, akakaa kwenye usukani. Fundi Baridi alisimama pembeni, mikono mfukoni. Hakumkataza. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye kuliko yote: kwamba alisimama pale na hakumkataza, na kwamba bei ilipotajwa aliisikiliza hadi mwisho.

Mwanaume akafungua mlango wa nyuma. Akaona beseni, taulo, na kipande cha sare ya mtoto kilichochomekwa sindano.

"Hili lilikuwa gari la mgonjwa?"

"Mgonjwa yupo," alisema mke wa fundi. Alikuwa ametoka na mikono imejaa povu la sabuni, likidondoka kwenye ngazi. "Amelazwa, na akitoka atahitaji kiti chake. Ondoa mguu wako humo, kaka. Na wewe, shemeji, ukitaka kuuza kitu, uza simu."

Mnunuzi aliondoka akiomba radhi. Kitinda aliondoka bila kuomba. Mke akachukua taulo na beseni akavisafisha, akavirudisha kwenye kiti cha nyuma, sindano na sare akaviacha vilipokuwa. Mumewe hakumsemesha hadi jioni, na alipojaribu, mke alisema ana usingizi.

* * *

Jumanne ilipita. Fundi Baridi alipitisha siku nzima akitengeneza friji ya duka la nyama, mbali na wakala, na mchango hakuuitisha. Stika ikaisha, na Nesi akabaki uani, mbuzi wa jirani wamelala kivulini mwake.

Jumatano asubuhi hospitali ilipiga simu. Aliposikia sauti ya muuguzi, akakaa juu ya mtungi wa gesi.

"Ndugu wa mgonjwa? Njoo umchukue mama. Homa imeondoka tangu juzi, daktari amemruhusu. Tena uje mapema, kitanda kinahitajika."

"Kumchukua... mzima?"

"Mzima, baba. Amekunywa uji, anatugombeza."

Furaha ilimjia, na Mungu ni shahidi kwamba ilikuwa furaha ya kweli. Lakini haikuja peke yake. Alisimama, akapapasa mfuko akitafuta ufunguo, akakumbuka. Njia ya hospitali ilikuwa na askari wa barabarani asubuhi zote, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kusoma stika. Alimtazama Nesi, akawatazama mbuzi. Akaenda kukodi teksi.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji nje ya geti, karibu na ile nguzo, kikapu miguuni. Alikuwa amekonda hadi miwani ilikuwa inamteleza. Alimwona mwanawe akishuka, akaitazama teksi, akatazama nyuma ya teksi.

"Nesi yuko wapi?"

Uongo aliuandaa njiani. "Yuko gereji, Mama. Breki zilikuwa zinalia kidogo, nikaona bora—"

"Bima imeisha jana."

"Mama..."

"Imeisha jana," alisema mama. "Mimi bado."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema ili aumize. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni ni saa ngapi. Fundi Baridi aliinama akashika kikapu kwa mikono miwili, ingawa kikapu chenyewe kilikuwa na kanzu ya kulalia na kikombe tu.

Dereva wa teksi alikuwa ameshawatangulia. Alikuwa kijana mwenye heshima zake, gari lake limeng'aa. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa karatasi kubwa ya nailoni kutoka chini ya kiti, akaikunjua na kuitandika.

"Samahani sana, mama. Si kwa ubaya. Viti ni vipya, na hapa hospitali tunabeba watu wa kila namna."

Fundi Baridi alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kumwambia kijana yule, na yote yalikuwa ya haki, ila hakuwa na pa kusimama akiyasema. Mama akakusanya gauni lake, akakaa. Njia nzima nailoni ililia kwenye kila shimo.

Nyumbani dereva alitaja nauli. Ilikuwa imepanda nayo. Fundi Baridi alitoa noti zake, akazigeuza, akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma. Haikutosha. Alianza kumweleza kijana kwamba ngoja amwite mke wake, na mama, ambaye alikuwa bado hajashuka, akafungua mkoba wake mdogo.

"Mpe, asicheleweshwe," alisema, akamwekea mwanawe pesa kiganjani na kumfunga vidole juu yake, kama anavyotumwa mtoto dukani.

* * *

Kesho yake Fundi Baridi alibeba pampu yake ya kuvuta hewa, chombo ambacho bila hicho fundi wa friji hawezi kujaza gesi vizuri, akaipeleka kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili waliyekuwa wakigombea naye wateja. Mwenzake aliiwasha, akaisikiliza, akatabasamu.

"Umeacha kazi, Baridi?"

"Nimepata nyingine kubwa," alidanganya. Jina hilo la Baridi watu walidhani limetokana na friji. Alikuwa nalo tangu mdogo, na mtu pekee aliyekumbuka lilivyoanza alikuwa mama yake.

Aliongeza pesa ya pampu kwenye akiba ya mkewe iliyotokana na kusuka watu nywele, ambayo mke alimpa bila kumtazama, akaenda kwa wakala. Ndugu zake hakuwapigia. Kikokotoo kikageuzwa juu ya meza, na bei ilikuwa imesogea tena kidogo.

"Ya miezi mitatu kama kawaida?" aliuliza wakala, kalamu mkononi.

"Ya mwaka."

Wakala alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mama anaendeleaje?"

"Yupo," alisema Fundi Baridi.

Asubuhi ya hospitali aliamka mapema akaliosha gari. Aliligeuza uani hadi pua yake ikatazama mlango wa nyumba, ili mtu akitoka tu akutane na stika. Aliifuta stika kwa kitambaa, ingawa ilikuwa ya jana. Kisha akasimama kando akingoja kwa matumaini ya kitoto, kama mtu aliyeleta cheti kizuri nyumbani.

Mama alitoka taratibu akiegemea mkono wa mkamwana. Miwani ilikuwa kichwani. Hakuishusha. Alipita mbele ya gari, akapita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akajisogeza hadi kwenye beseni na taulo lake. Akaichukua ile sare, akaipata sindano pale pale alipoiacha.

Fundi Baridi aliingia kwenye usukani.

"Mama, nimekata ya mwaka mzima."

"Nimeona."

"Umeona? Hata hukusimama."

"Nimekuona wewe ulivyosimama." Alikunjua sare mapajani, gauni dogo la bluu. Pindo lake lilikuwa pana, vidole vinne vizima, limekunjwa ndani na kushikizwa kwa mshono mrefu rahisi kufumua. "Mke wako anasema nimezidisha. Mtoto ataburuza nguo."

"Ni kubwa kidogo, Mama."

"Nyinyi wote niliwashonea hivi. Kila mwaka nafumua, nashusha, nafumua, nashusha. Dada yako vidole viwili, anakua taratibu. Kitinda vitatu." Alivuta uzi. "Wewe ulikuwa na kile kifua chako. Usiku kucha unatetemeka, ndiyo wakakuita Baridi. Nilipokwenda kununua kitambaa cha sare yako ya kwanza, hata muuza kitambaa alinionea huruma. Hospitali walishaniambia nisijisumbue na mambo ya shule, ningoje kwanza nione."

Fundi Baridi alishika usukani.

"Wewe nilikuachia vidole vitano," alisema mama. "Ulikuwa unaanguka anguka kwa ile nguo, watu wanatucheka. Endesha, baba, mashine haingoji mtu."

Aliendesha. Kwenye njia panda ya hospitali askari alinyanyua mkono, wakasimama. Askari aliinama mbele ya kioo, akasoma tarehe, akasoma tena kwa kuwa ilikuwa mbali, ya mwakani. Akazunguka hadi dirishani, akamsalimu mama kwa heshima, akamwona dereva alivyoinamisha uso, akadhani ni woga wa sheria.

"Usiogope, mzee. Kila kitu kiko sawa," alisema. "Nenda."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Fundi Baridi aliusikia uzi ukipita kwenye kitambaa nyuma yake, ukivutwa, ukipita tena, na hakuweza kuinua kichwa aondoe gari.